Kila Gitare Iko na Mama

Nianze na nguruwe ya mama yangu, juu bila ile nguruwe mimi ningekuwa mulimaji wa viazi kule nyuma ya Kirumba, na leo mungekuwa munasoma mutu mwingine.

Ilikuwa nguruwe dume, nyeusi, mubaya wa sura na mubaya wa roho. Mama alinituma niiuzishe ku soko ya Kirumba. Nilikuwa kijana mukubwa tayari, ndevu tatu ku kidevu. Masomo niliacha mu mwaka ya tatu ya primaire. Batu banasema nilishindwa, lakini ukweli ni kusema mwalimu njo alichoka wa kwanza. Nikafunga nguruwe kamba ku muguu ya nyuma, tukashuka polepole, yeye akichagua njia. Ku soko hakuna mutu aliitaka. Mununuzi anakuja, anaiangalia, nguruwe nayo inamuangalia, mununuzi anaenda kuuliza bei ya mbuzi. Saa ya mvua nguruwe ikakata kamba, ikaingia chini ya lori moja ya Butembo yenye ilikuwa inapakia kabichi.

Dereva akainama, akaona.

— Wee! Toa mama-mukwe wako chini ya gari yangu!

— Hatoki, Papa. Nimejaribu.

— Unamuuzisha?

— Njo kazi yenye nilitumiwa.

— Basi namununua vile iko. Mais utapanda naye juu na kumushika mupaka Butembo. Mimi siwezi kushika volant na nguruwe.

Nikapanda. Nilikaa juu ya kabichi na nguruwe mu mikono sawa bibi-arusi. Kumbe ilikuwa zawadi: dereva alikuwa na shemeji wake ku Butembo, fundi mbao, mwenye alikuwa anaoza binti yake. Tulifika, nguruwe ikapokelewa kwa heshima kunishinda. Ule fundi, mwenye lupango, ni kusema kiwanja na uzio yake, akaniona nimesimama tu kati ya mbao, akanipa fagio, juu bageni balikuwa njiani. Nikafagia. Arusi ikapita, nguruwe ikaliwa, mimi nikaendelea kufagia. Mama alipata feza yake ile wiki. Kumuona mwana wake alingoja zaidi.

Miaka ile ya ufundi mbao naruka. Ni vitanda, ni mabanco, benchi za masomo, ni masanduku ya maiti. Mutu analala huku, kisha analala kule, mbao ni ile ile. Naruka vile vile mambo ya mushahara na ya vyeo, bijana, hamutabiona hapa. Ninyi bafundi ya sasa muliniomba niandike kazi, nitaandika kazi.

Siku moja mutu mwembamba aliingia mu lupango kutafuta libuyu, ule muti mwekundu wenye unatoka mu pori upande wa Beni. Batu bengine banapima mbao na metre. Yeye alikuwa anabisha hodi. Anapiga ubao na kifundo cha kidole, anaweka sikio, anangoja, kama mwenye anajua ndani kuko mutu. Alibisha mbao makumi tatu, akachukua mbili. Nikacheka.

— Unacheka nini?

— Papa, hakuna mwenye atafungua.

— Hizi mbili zimefungua, akasema. Wewe njo ulizipanga na tule tuti, vile vijiti, katikati?

— Njo mimi. Hewa ipite.

— Nani alikufundisha?

— Hakuna. Zilikuwa zinaoza.

Njo vile nilijuana na Papa Filemo, na njo vile niliingia mu fabrike ya gitare.

Nasema fabrike juu ilikuwa imeandikwa USINE ku ukuta, herufi kubwa kupita mulango. Patron, mwenye fabrike, alikuwa muchuuzi wa vitenge na pièces za pikipiki. Safari moja ya Uchina bakamutembeza mu fabrike ya gitare, akaona batu elfu moja banatumika kazi kimya. Akarudia Butembo, akapata batu tisa benye hawanyamazi, akasema tutaanza na hawa. Makanisa yote ya Grand Nord, huku kwetu Butembo na Beni, iko na chorale, kwaya yake, kila chorale inataka gitare tatu na basse, ile gitare ya sauti nzito, na zenye zinatoka mbali zinafika zimevunjika shingo. Ile hesabu ilikuwa ya akili. Ila alitutuma tutie ku kichwa cha kila gitare jina moja ya kigeni yenye hata yeye hakuweza kuisoma, juu mukristo wa Butembo hataki kumusifu Mungu na kitu ya Butembo. Niliona mama moja anashika gitare yangu, anaguna, anasema: «Hii, unasikia tu, hapana ya hapa.» Nikamuitikia. Ningesema nini?

Siku ya kwanza nilifagia tena. Vumbi ya libuyu ni nyekundu. Jioni nilipiga chafya ku leso, bibi yangu akataka kunipeleka hospitali.

Mambo yalikuwa yanaenda hivi. Mbao inakaa miaka miwili chini ya mabati, na tuti katikati, mupaka ikauke. Patron alijaribu kukausha haraka juu ya tanuru ya mutu wa mikate. Zilikauka kweli, zikapinda sawa ndizi, na mikate ikanuka libuyu. Kisha mwili unakatwa, unachimbwa kishimo pa kuingiza shingo, na vishimo vya micro, kale kasanduku ka sumaku na waya kenye kanasikiliza nyuzi, na mwishoni inafungwa daraja, kale kachuma kenye nyuzi zinakalia. Shingo inachongwa pembeni, ku meza ya Papa Filemo. Juu yake analaza tule tuchuma twenye tuliita ngazi, na pale hakuna mchezo: ngazi ikikosa nafasi kidogo kama unene wa ukucha, mwimbaji ataimba Haleluya na gitare itajibu kitu ingine.

Micro zilitoka kwa Mzee Ramazani, Muislamu wa Beni, fundi wa maredio zamani. Alizungusha waya ya shaba, nyembamba kupita nywele ya mutoto, na mashini ya kushona ya bibi yake. Mizunguko elfu saba na kitu ku kila micro. Kila mizunguko mia anasukuma shanga moja ya tasbihi, njo hesabu yake. Ole wako umuamkie akiwa katikati. Patron alimuamkia siku moja: «Mzee, habari ya asubuhi?» Ramazani akajibu kwa adabu, juu ni patron, kisha akafungua waya yote akaanza upya, na akamuonyesha shanga. Tangu pale patron naye alikuwa anapita na vidole vya miguu. Batu bakimuuliza namna gani mutu wa musikiti anatengeneza gitare za kanisa, anasema: «Mimi nazungusha waya. Waya haiko na dini. Ikikatika katikati unaanza mwanzo, hiyo peke njo sheria yake.»

Sasa mufike ku kitu chenye bageni benye balikuja kutuona hawakuelewa hata siku moja, hata wenye masomo.

Shingo moja na mwili moja ni bibi na bwana. Filemo anachonga mwisho wa shingo kufuatana na kishimo cha mwili ule, hapana mwingine. Donc, basi, lazima kujua shingo gani ni ya mwili gani, na mbili zinatengenezwa mu vyumba mbalimbali, wiki mbili, tatu. Mwanzo patron alitaka namba. Namba ikafutika, sita ikageuka tisa, matata. Papa Filemo akasema: tuzipe majina ya kuzaliwa. Kwetu Banande kila mutu anajua bila kufikiri: mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, njo mimi, wa tano Katembo. Wanaume wakifuatana, kisha akazaliwa binti, ule binti ni Kahindo. Tukafanya vile. Gitare ya kwanza ya kila commande, kila oda ya mununuzi, ni Paluku, na kuendelea. Basse, yenye ilikuwa inakuja mwisho, Kahindo. Nene, shingo murefu, sauti ya dume, jina ya binti. Unaandika na crayon ndani ya kishimo, na ku mwisho wa shingo, kisha kole, ile gundi, inafunika yote. Hakuna mununuzi atajua kama mu gitare yake mulilala Kasereka. Miaka mingi hatukukosea hata moja. Na ile ya ine, wajina wangu, nilikuwa naisugua kidogo kuzidi. Hakuna mwenye alilalamika.

Kisha kazi ikaongezeka, patron akafungua chumba ya pili ya kuchonga miili, ng'ambo ya lupango, na mashini ingine. Sasa muko na chumba mbili zenye zinazaa. Na kwetu mwanaume akiwa na mabibi wawili, kila mama anahesabu wake. Baba moja anaweza kuwa na Paluku wawili, wote wa kwanza, na hakuna mwenye atasema moja ni wa uongo. Bafundi ya ng'ambo hawakungoja ruhusa: bakaanza na Paluku yao. Tukaita chumba ya zamani Mama Mukubwa, ile ya mupya Mama Mudogo, tukacheka sana. Mu lupango ya kweli hakuna mutoto anapotea, juu kila mutoto anajua mulango ya mama yake. Gitare haijui.

Papa Filemo hakucheka. Aligundua mashini ya Mama Mukubwa inachimba kishimo chenye kinalala kidogo nyuma, na ile ya Mama Mudogo kinasimama sawa. Kidogo tu, jicho haioni. Yeye alikuwa anasahihisha ku shingo. Akaweka sheria:

— Kila jina, andikeni mama. Mistari miwili ni Mama Mukubwa, mustari moja Mama Mudogo. Na mbele ya kole kukauka, muvute uzi toka kichwa mupaka daraja, muone kama unapita pa haki.

— Ndiyo, Papa.

— Kakule, nasema na wewe. Wewe njo unaandika ku miili.

— Ndiyo, Papa.

Commande ya Beni ilikuja mu ile majira. Kanisa moja ya commune ya Ruwenzori ilikuwa inafungua jengo mupya, balitaka vyombo kumi na mbili kwa machorale yao yote: gitare kumi, basse mbili. Hatukuwa tumepata hata siku moja kitu sawa ile. Mama Mukubwa akazaa sita, Mama Mudogo sita. Patron akatukusanya mu lupango, akapanda juu ya kisanduku, hata kama sote tulikuwa tunamuona muzuri.

— Hii commande ikitoka muzuri, Beni yote ni yetu. Ikiharibika, mwenye ameiharibu asirudie hapa. Hata kuchukua kabuti yake asirudie. Mumesikia?

Tulisikia. Mutu wa miaka yangu, na batoto sita, alisikia kupita bote.

Wiki ya kuunganisha, Papa Filemo akalala na malaria. Shingo zake kumi na mbili zilikuwa tayari ku meza, kila moja na jina na mistari, maandishi yake madogo sawa ya bibi mwalimu. Mimi nilipaswa kuandika mistari ku miili ikiwa bado mu vyumba vya mama zao. Niliandika majina. Mistari nilisema nitaandika kisha ya chai. Kisha ya chai bijana ya verni, ile mafuta ya kung'arisha mbao, balikuwa wamekuja, wamebeba yote, wametundika mu chumba moja ya kukausha. Nikaingia, nikaona Paluku wawili, Kambale wawili, Kahindo wawili, yote inang'aa, hakuna mwenye anasema mama yake ni nani.

Ningeenda kumuambia Filemo. Nilienda, kweli. Alikuwa chini ya blanketi tatu, meno inagonga.

— Kakule, uliandika mama?

Bibi yake alikuwa pale, na mukwe wake, na mutu wa kanisa mwenye alikuja kumuombea. Ni haya tu, haya kidogo kama ya kuvaa viatu vya kuume ku kushoto.

— Niliandika, Papa.

— Wasingya, akasema, ni kusema asante, akafunga macho.

Nikarudia. Nikazipanga kwa macho. Nilijiambia mutu wa miaka yangu mu kazi anajua kutambua. Hii iko na rangi ya Mama Mukubwa, hii iko na sura ya kule. Uzi wa kupima haukuwezekana kuvutwa, juu madaraja na nyuzi zilikuwa bado njiani, zimelala ku Kampala, zinangoja makaratasi ya forodha. Nilisema tungoje. Nilisema kweli, mara moja, bila nguvu. Patron akaangalia saa yake: «Tia kole.» Nikatia kole. Hapo mambo yakafungwa, na skrubu ine juu.

Madaraja na nyuzi zikafika mwisho ya mwisho. Ikakatwa shauri: vyombo viende Beni vile, tuvitie nyuzi kule kule mu kanisa. Tukaenda batatu, mimi, Ramazani wa kuunga waya, na Papa Filemo, mwenye alikuwa amepona nusu na kukondeana yote. Ku barrière moja ya barabara askari akafungua sanduku, uso ukacheka.

— Vieux, betela biso mwa nzembo!

Ramazani akatafsiri: anataka tumupigie wimbo.

— Hakuna nyuzi, chef, nikasema.

Askari akageuza gitare, akaangalia nyuma, kama nyuzi zinaweza kuwa kule.

— Gitare bila nyuzi munapeleka wapi?

— Kwa Mungu, akasema Ramazani.

Alitufikiri kidogo, akafungua kamba ya barrière.

Mu kanisa joto ilikuwa ya Beni, si ya kwetu. Chorale ilikuwa inatungoja na uniforme mupya, bakiongozwa na Mama Janeti, mwanamuke mwenye sauti ya kuita batu mu mashamba mawili. Tukaanza kutia madaraja, kutia nyuzi. Kambale wawili zikalia muzuri. Kakule wawili pia, nikapata moyo. Nikachukua Paluku. Nyuzi zikasimama juu ya shingo mbali, kidole kinasukuma, kinasukuma, hakifiki. Nikashusha daraja mupaka chini ya chini. Bado. Paluku wa pili nyuzi zikalala juu ya ngazi zote, ukipiga zinanguruma. Kasereka vile vile, moja juu, moja chini. Katembo vile vile. Basse zote mbili vile vile. Nane mu kumi na mbili.

Mama Janeti akachukua moja mu mikono.

— Papa, hii ni gitare ao ni kamba ya kuanika nguo?

Chorale ikacheka. Akachukua ingine, akaipiga.

— Na hii muliitia nyuki. Tutaimba na nyuki siku ya Mungu?

— Mama, tuna-arrangea, nikasema.

— Arrangea basi. Siku ya Mungu ni kesho kutwa, haisogezwi.

Patron akafika saa sita na gari yake, amevaa koti ya sikukuu. Hakuuliza mara mbili. Alipiga nyuzi za moja, akapiga za ingine, uso ukabadilika rangi.

— Nani alifanya shingo?

— Ni mimi, akasema Papa Filemo.

— Zote?

— Zote kumi na mbili.

Filemo akachukua Kasereka, akaiweka ku jicho sawa bunduki, akaangalia toka kichwa mupaka daraja. Akachukua Kasereka ya pili. Haikuchukua muda. Mutu mwenye anabisha ubao na kusikia kama muko mutu, atashindwaje?

— Hizi zimebadilishana mama, akasema. Kisha akanigeukia, sauti ya chini:

— Kakule. Uliandika mama?

Patron pale. Mama Janeti pale. Chorale yote na uniforme. Na ule «asirudie» wa patron ulikuwa bado mu masikio yangu.

— Niliandika, Papa.

— Mistari miwili, na mustari moja?

— Ndiyo, Papa.

— Donc? akauliza patron.

— Donc mistari iko ndani, chini ya kole, akasema Filemo. Tukifungua moja tutaona nani alikosa.

— Fungua.

Filemo akatoa mu mufuko siso yake, patasi ya mbao yenye mupini wa muti wa miiba, na kanyundo. Akalaza Kasereka juu ya banco ya kanisa, akaweka siso pa kuungana shingo na mwili. Mimi nilijua kila kitu chenye kilikuwa mule. Mule mulikuwa «Kasereka», maandishi yangu makubwa ya mwaka ya tatu, na pembeni yake hakuna kitu. Nikaangalia viatu vya chorale. Vilikuwa vyeupe, vyote vyeupe, moja ilikuwa na kamba ya buluu.

Kanyundo haikushuka. Nikainua macho, nikaona ananiangalia. Si sana, muda wa kumeza mate. Kisha akaondoa siso, akaipangusa ku suruali.

— Ikipasuka hapa haitapona tena, akamuambia patron. Shingo ni zangu.

— Basi shingo zako na wewe mutoke mu usine yangu.

— Nimesikia.

Mbele ya kumaliza na yeye, nimalize na gitare, juu mutauliza. Siku ya Mungu baliimba na gitare ine bila basse hata moja, na mutu mwenye hakujua alisema ni muzuri, iko nyepesi. Zile nane tulizirudisha Butembo, tukakata shingo, tukafanya zingine. Shingo nilifanya mimi. Ramazani hakunisemesha toka Beni mupaka lupango. Nilifikiri anahesabu. Sasa nafikiri hapana. Kwa kukata zile shingo nilijifungia peke yangu mu chumba, nikasema vumbi itasumbua bengine. Nikakuta majina yangu, nane, makubwa, bila mistari. Nikayakwangua moja moja mupaka mbao ikawa safi. Nilifanya ile kazi muzuri sana. Hakuna kazi nilifanya muzuri kuishinda.

Na ninyi benye munatumika mu usine sasa, munaandika mama kila siku, na munanishukuru kwa ile sheria, munasema ni ya Mzee Kakule. Si yangu.

Turudie Beni, basi, ile saa ya mchana: Mama Janeti alikuwa amepika fufu na sombe ya majani ya muhogo kwa bageni, na hasira haikumuzuia kupakua. Papa Filemo alinawa mikono ku pipa ya maji nje, polepole, mupaka ku viwiko. Siso na kanyundo aliviacha juu ya banco. Alivaa kabuti yake, hata na ile joto ya Beni, akafunga vifungo vyote. Akapita ku mulango ya lupango ya kanisa. Barabara ya kwetu, ya Butembo, ilikuwa kuume. Yeye aligeuka kushoto, upande wa Mavivi, kwenye hakukuwa na mutu wetu hata moja, akatembea pembeni ya barabara mwendo wa mutu mwenye anaenda kununua chumvi.

— Papa yule anaenda wapi? akaniuliza Mama Janeti, sahani mu mikono. Chakula inapoa.

— Anarudia sasa hivi, Mama, nikasema.

Akafunika ile sahani na sahani ingine. Hakurudiaka hata siku moja.